Rubani wa Hedifoni Mbili

Siku ya kwanza tulingoja mzungu atoke.

Ndege ilikuwa imetua kwenye uwanja wetu wa nyasi, ng'ombe wamekwisha kufukuzwa, mlango ukafunguliwa. Akatoka afisa mmoja wa mkoa na mkoba wake. Akatoka mama wa kizungu aliyeshikilia kofia. Yakatoka magunia mawili ya posta. Mwisho akatoka kijana mweusi mwenye shati jeupe na tai, akainama chini ya bawa, akaifunga ndege kwa kamba kwenye kigingi kama mbuzi, akahamia bawa la pili. Sisi tukaendelea kuutazama mlango.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuwauzia abiria makoti ya jeshi, maana mtu akishuka kutoka juu huwa bado anatetemeka, na anayetetemeka habishanii bei. Nikahesabu walioshuka. Nikahesabu tena. Hesabu ikakataa.

"Dereva yuko wapi?" nilimwuliza karani wa uwanja.

Karani akamwelekezea kidevu yule wa kamba.

"Huyo ni wa kamba," nikasema.

"Ndiye huyo."

"Karani, mimi ni mtu mzima."

"Mzee wa Makoti, nimekwambia ndiye. Mwulize mwenyewe."

Mama mmoja aliyekuja kuuza kuku akasema, "Omwana wefwe?", mtoto wetu kabisa?, akaketi chini pale pale kwenye nyasi na kuku wake kwapani, kama aliyeletewa habari za msiba. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Tulikuwa tumeona mengi mwaka ule: mkuu wa wilaya mweusi, hakimu mweusi, hata mwenye duka la dawa. Hao wote walikuwa wanakaa chini, ardhini, unaweza kuwashika mkono. Huyu alikuwa ametoka mawinguni.

Tangu siku ile jina lake likapotea. Aliitwa Rubani, na mkewe naye alimwita hivyo mbele za watu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wenyewe wapo, waulizwe. Mimi nitaeleza niliyoyaona kwa miaka ile, na mengi kati ya hayo sijayazoea mpaka leo.

La kwanza: aliogopa ngazi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mti wa parachichi, na matunda yakiiva aliyepanda ngazi ni mkewe. Rubani alisimama chini ameshika kapu na kufumba macho. Nilimkuta hivyo siku moja nikadhani anasali.

"Bwana Rubani, kesho si unakwenda Nairobi kwa hewa?"

"Naenda."

"Na hii ngazi ni futi ngapi?"

"Ngazi haina injini," akanijibu, macho bado yamefumbwa.

La pili: alikagua kila kitu. Kabla ya kuruka aliizunguka ndege yake akiigusa hapa na pale na kusema kwa sauti, "Mafuta, sawa. Gurudumu, sawa. Mkia, sawa." Hilo tulilielewa. Lakini baiskeli nayo aliizunguka vivyo hivyo. "Breki, sawa. Kengele, sawa. Mnyororo, sawa." Alipoingia hotelini kunywa chai aliinama akatikisa miguu ya kiti kabla ya kukaa, na mwenye hoteli, mtu wa Mumias asiyependa dharau, alimwambia, "Rubani, wallahi, kiti changu hakiendi popote." Vijana wa soko walimwiga. Ukipita kwa muuza mandazi utasikia, "Sukari, sawa. Mafuta, sawa. Deni, sawa."

Asubuhi ya kuruka hakula maharagwe. "Maharagwe yanapandanga na ndege," alisema, na hakueleza zaidi. Jumapili alilipiza. Nimemwona mbele ya obusuma na ingokho, ugali na kuku, na mimi ambaye nimekaa stoo ya jeshi nikigawa chakula cha kikosi kizima kule Burma, nilishangaa kinakwenda wapi kwenye mwili mwembamba ule.

Na saa. Alipoandika saa mbili na robo, saa mbili na robo hiyo ilikuwa ya chuma. Siku moja alimwacha bwana mkubwa mmoja wa serikali chini, bwana mwenye dereva na bendera ndogo kwenye gari. Gari lilifika likipiga honi wakati magurudumu ya ndege yanaacha nyasi. Bwana yule alitoka akapunga fimbo kuelekea mbinguni. Nilimhurumia nikamwuzia koti. Jioni tulimzunguka Rubani, tukijua kazi yake imekwisha.

"Umeiacha serikali!" karani akamwambia.

"Serikali ilichelewa," akasema, akaomba chai.

Mtu huyo huyo akitumwa na mkewe kununua chumvi alirudi baada ya masaa matatu, amesimama kwa kila mtu njiani, na chumvi ameisahau. Tuseme saa yake ilifanya kazi ndani ya ndege tu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Rubani akiwa angani huvaa kichwani kifaa cha kusikilizia redio, vikombe viwili vya masikio na kijiti cha kusemea mbele ya mdomo. Wenyewe waliita hedifoni. Kampuni ilikuwa na hedifoni zake, zimewekwa katika sanduku la mbao ofisini. Asubuhi rubani anatia sahihi anapewa, jioni anairudisha anatia sahihi tena. Sheria hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani zamani sana, karatasi imegeuka rangi ya chai. Na marubani wazungu hawakuifuata hata siku moja. Kila mmoja alikuja na hedifoni yake ya kwao, kwenye mfuko wa ngozi, na hakuna aliyemwuliza. Sanduku likabaki la mafundi wa kujaribia redio, la wanafunzi, la kila aliyepita.

Alipoajiriwa mwenzetu, karatasi ikasomwa upya.

Akatii. Mwaka mzima alivaa hedifoni ya sanduku. Sponji zake, aliniambia, zilikuwa zimekunywa jasho la watu asiowajua, na siku za joto lilitoka tena na kumshuka shingoni. Kisha nikaanza kumwona na pamba masikioni. Kisha leso begani. Siku moja alikuja sokoni usaha ukiwa umekauka kwenye kola ya shati jeupe, na yeye ni mtu wa kunyoosha hata soksi. Nilishtuka nikamwonyesha.

"Hospitali wamenipa matone," akasema. "Wanasema nisivae kitu kinachovaliwa na wengine."

"Basi usivae."

"Kampuni inasema nivae."

"Na wale wazungu?"

Akanitazama kama muuzaji anayetajiwa bei ya mwaka juzi.

Ndipo alipoiona. Nilikuwa nimeitundika kibandani mwangu kwenye msumari kati ya viatu na chupa za maji za askari, hedifoni ya jeshi, nzito, vikombe vya mpira mnene. Sikumbuki niliipataje na sikuulizwa.

"Ile inasikia?"

"Inasikia mpaka usiyoambiwa."

Akaishusha, akaipeleka puani.

"Unanusa nini, Bwana Rubani? Kwani hii ni nyama?"

"Nanusa kichwa kilichoivaa."

"Kichwa kilichoivaa kilikuwa cha jemadari."

"Jemadari alipaka samli?"

Nikataka shilingi sitini. Nilijua atasema ishirini, mimi nitacheka kwa uchungu, yeye ataondoka, nitamwita, na hivi na hivi mpaka arobaini. Alisema thelathini na tano akazitoa. Nilizitazama zile pesa nikashikwa na hasira. Mtu anayekubali haraka anajua kitu usichokijua. Fundi wa redio wa mjini akabadilisha kichwa cha waya kiingie kwenye tundu la ndege, akaijaribu, akasema haijawahi kuingia dukani kwake hedifoni inayopiga kelele vizuri namna ile.

Nikadhani sasa ataivunja sheria. Hakuivunja. Asubuhi alitia sahihi, akachukua hedifoni ya sanduku, akaitia shingoni kama mkufu, haijachomekwa popote. Ile yangu akaivaa kichwani. "Ya kampuni shingoni, yangu masikioni," alisema, na alisema hivyo kila asubuhi kwa uso mkavu, mpaka watoto wa shule wakawa wanavaa kamba mbili kwenda kuchota maji.

Habari zikafika kwa wakubwa. Akaja Mkuu wa Marubani kutoka Nairobi, mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimejifunzwa jikoni. Nilikuwepo. Nilikuwa nahesabu vifungo vya makoti.

"Wewe iko sheria," Mkuu akasema. "Vaa kitu ya kampuni."

"Nimevaa, bwana."

"Kwa shingo!"

"Masikio yanauma, bwana. Daktari ameandika."

"Sheria ni ya watu yote."

Kwapani mwa Mkuu palikuwa na mfuko wa ngozi, waya unachungulia. Karani akautazama. Mimi nikautazama. Mama wa kuku naye, ambaye hakujua hata tunazungumza nini, akautazama. Mkuu akauhamishia kwapa la pili.

Hakuikataza tena. Alisema neno moja zito zaidi: siku atakapokosa kuitikia redio, hata mara moja, kiti kile si chake, na wale vijana wengine weusi wanaosubiri kufundishwa wasubiri sana. Alipoondoka, Rubani alikunja karatasi ya daktari vipande vinne, akaitia mfukoni.

"Umesikia?" akaniuliza. "Si mimi tu."

Hapo ndipo tabia zake zilipoanza kunichanganya. Mtu aliyekuwa akisimama kwa kila salamu akaanza kupita watu. Mama mmoja alimsalimia, "Mulembe, Rubani!", akapita kama upepo. Nilimwita mwenyewe mara mbili kutoka kibandani, hakugeuka. Sokoni tukakubaliana kuwa cheo kimempanda. Kesho yake alikuja upande wa pili wa barabara, anakusalimia wewe na mkeo na mpaka punda wako, anauliza habari za nyumbani mpaka unachoka. Tukasema basi ni kiburi cha siku kwa siku.

Na papo hapo akaanza ukarimu wa ajabu. Kiti cha mbele, pembeni yake, ambacho siku zote kiliwekewa magunia ya posta, akaanza kumpa abiria. Zaidi ya hapo, aliivua shingoni mwake hedifoni ya kampuni akamvalisha abiria huyo, akaichomeka katika tundu la upande wa kulia, na mtu akasikia wenye viwanja wanavyozungumza na mbingu. Kukaa mbele kukawa sifa mjini. Padri alikaa mbele. Mwalimu mkuu mmoja wa Navakholo alikaa mbele, akalitia katika hotuba ya siku ya wazazi. Bwana wa kilimo kutoka Bukura alikaa mbele, na alikuja kwangu kwanza kununua koti la safari. Nilimwongezea bei kwa sababu ya kiti.

Kisha siku moja akaniambia, "Kesho twende Kisumu. Utakaa mbele."

"Bei gani?"

"Bure."

Nilitetemeka. Kitu cha bure kimenitia hasara nyingi kuliko kitu chochote. Nikamzungusha: nitarudi na nini, nani atalinda kibanda, mvua ya mawe je, maana Kakamega ikifika mchana mvua haina haya. Akajibu yote. Nikakosa pa kutokea.

Asubuhi alinifunga mikanda, akanivalisha ile ya kampuni. Ilinuka kweli. Akanionyesha kwa kidole herufi zilizochorwa mlangoni.

"Ukisikia mtu anazitaja hizi, ni sisi tunaitwa."

Nikazirudia mara mbili. Nilifurahi kufundishwa.

Sitaeleza kupanda. Nilifumba macho mpaka nikaona aibu. Nilipofumbua, msitu ulikuwa mdogo kama sukumawiki bustanini, na Rubani alikuwa anaongea, anapiga kelele juu ya mlio wa injini. Alikuwa akieleza mashamba ya wazungu kule Lugari yanayokatwakatwa na kugawiwa watu: ekari ngapi, mbegu gani ya mahindi, angepanda lini, angejenga upande gani upepo usimsumbue. Sikujua anapenda udongo namna ile. Ziwa likatokea. Tukaanza kushuka.

Ndipo masikioni mwangu mtu akataja herufi zetu.

Rubani aliendelea na mahindi. Nikasema moyoni, wakubwa hawaitikii mara ya kwanza, hata mimi mteja akiniita mara ya kwanza najifanya sijasikia. Sauti ikazitaja tena. Rubani alikuwa amefika kwenye palizi. Mara ya tatu sauti ilikuwa imepanda, kama mama anayemwita mtoto aliyesimama karibu na moto.

Nikamgusa kiwiko. Nikaonyesha sikio. "Unaitwa!"

Akanitazama. Sijaona uso ukibadilika hivyo, wala vitani. Mbele yetu chini, kwenye barabara ya kutua ambayo tulikuwa tumeielekea, palikuwa na ndege kubwa ya abiria inageuka polepole, imejaza njia nzima. Nilihesabu madirisha yake. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya mara moja tu. Rubani alivuta usukani, injini ikalia, na madirisha yakapita chini ya miguu yetu na nyuso ndani yake. Akaninyang'anya ile hedifoni kichwani, akakibana kikombe kimoja kwenye sikio la kulia kwa mkono wote, akajibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliwaambia redio imekwaruza.

Tulipotua hakushuka. Alivua ile niliyomwuzia akanipa.

"Hedifoni yako imekufa," akasema.

"Yangu?"

"Mpelekee fundi. Akisema imekufa, nitatafuta nyingine niendelee na kazi. Akisema nzima..." Akaitazama mikono yake. "Akisema nzima, mimi sina haki ya kukaa hapa."

Nilirudi naye Kakamega kwa ndege ile ile, kila mmoja na hedifoni aliyokuja nayo. Nilizitaja herufi njia nzima kimoyomoyo, na zilipoitwa nilimchapa bega kabla hazijaisha.

Fundi aliivaa, akachomeka, akatabasamu. "Mzee wa Makoti, hii ni nzima. Inzi akitembea studio Nairobi unamsikia."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu."

"Mara ya pili."

Akajaribu mara ya pili. Nzima.

Nielewe vizuri, msomaji. Katika maisha yangu yote ya biashara sijawahi kukubali kwamba nimeuza kitu kibovu. Nimeuza viatu viwili vya mguu mmoja nikaapa ndivyo vinavyovaliwa Ulaya. Rubani alipokuja kibandani Jumamosi, mkono mmoja ameegemea nguzo, akaniuliza fundi amesemaje, nilimtazama yale masikio, nikawakumbuka wale vijana wanaosubiri, nikamkumbuka Mkuu na mfuko wake wa ngozi.

"Imekufa," nikasema. "Waya umeoza ndani. Nilikuuzia kitu kibovu."

Alishusha pumzi nikaiona ikitoka. Akacheka. Akanipiga begani. "Mwizi mkubwa wewe!" akasema kwa furaha. Nikampa nyingine niliyokuwa nayo, bure, na mimi niliyeogopa vya bure nikaona jinsi vinavyotoka mkononi kirahisi. Akaondoka akipiga mluzi.

Jumatatu nilikwenda uwanjani na makoti yangu, lakini sikuuza. Nilisimama. Abiria wakapanda. Mabwana wawili wa mkoa, nyuma. Mwalimu wa kike na muuguzi, katikati. Mbele, kwenye kiti kile, mama mmoja mgeni aliyempakata mtoto wa bandeji kichwani, anapelekwa kwa daktari Kisumu. Rubani alimvalisha hedifoni ya kampuni, mtoto akaukamata waya akautia mdomoni, mama akacheka. Watano. Nikahesabu tena, na mtoto, sita.

Makoti yaliniponyoka. Nilikimbia mtu mzima mimi, nikamwendea upande wa kulia, nikaupiga mlango kwa kofi usawa wa magoti ya yule mama.

"Ilikuwa nzima!" nilipiga kelele. "Bwana Rubani, nilikudanganya! Fundi aliijaribu mara mbili! Nzima!"

Abiria walinitazama kama mwendawazimu. Karani alikuja mbio kuniondoa. Rubani aliinua mkono, karani akasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo ambao hajaugeuza. Kisha akaanza kukagua, lakini kinyume. "Redio, zima. Mafuta, zima." Akageuka nyuma.

"Samahanini. Leo hatuendi. Shukeni."

Yule mama alilia kwa hasira. "Mtoto wangu anangojewa na daktari! Wewe mzee wa makoti, umekula nini leo?" Mabwana wa mkoa waliniuliza jina langu na mahali ninapokaa. Ikabidi karani atafute gari la serikali la kumpeleka mgonjwa kwa barabara, na hadi linaondoka watu wote walikuwa wamenitenga kama mwenye ndui. Rubani alitoa hedifoni ya kampuni, akaipangusa sponji kwa leso yake, akamkabidhi karani. "Andika imerudishwa." Akatia sahihi. Akaichukua baiskeli yake akapanda akaenda. Hakuikagua. Hakugusa hata breki. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Aliandika barua mwenyewe kwa kampuni. Mjini walisema mengi. Wengi walisema nilimwonea wivu. Aliyeletwa badala yake alikuwa mwenzetu pia, kijana kabisa, amekuja na hedifoni yake begani kwenye mfuko, na hakuna aliyemsomea karatasi ya ukutani.

Sikumwona Rubani tena kwa miaka kadhaa. Kisha kampuni ikahama, uwanja ukarudishwa kwa ng'ombe, na mimi nikaanza kupeleka makoti yangu Lumakanda, kule kule Lugari, ambako asubuhi ni baridi na walowezi wapya wana hela ya mahindi. Siku ya soko nikasikia mtu akisema nyuma yangu, "Koti hili alivaa jemadari yupi?"

Alikuwa na buti za mpira na kofia ya majani. Amenenepa. Alinishika mkono akanivuta mpaka shambani kwake, ekari zake zimesimama kwa mstari, na nyumba imejengwa pale pale alipokuwa ameniambia angani. Mkewe akatuletea chai na viti nje. Rubani akahamisha kiti changu, akakiweka kuliani kwake, karibu. Sikio la kushoto limekufa kabisa, akasema. La kulia linakokota.

Nilikuwa nimebeba swali moja miaka yote. "Ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Tangu lini?"

Akapuliza chai. "Tangu nilipoanza kuwaweka watu mbele."

Kikombe changu kilitulia hewani.

"Nilihitaji masikio," akasema. "Nilikuwa nawafundisha herufi. Nikawaza, mtu akisikia tunaitwa ataniambia. Kuomba nilishindwa. Ningemwambiaje abiria, nisaidie, rubani wako ni kiziwi? Na ulipopatikana ubovu wa hedifoni niliushika kwa mikono miwili. Nilitaka sana iwe hedifoni."

Kwa hiyo haikuwa heshima. Padri, mwalimu mkuu na bwana wa Bukura aliyenunua koti kwangu, hotuba ile ya siku ya wazazi. Na mimi. Sisi tuliokuwa tunatamba mjini tulikuwa masikio ya kuazima.

"Walikaa wangapi?" nikauliza.

"Kumi na mmoja. Wewe ulikuwa wa kumi na moja."

"Na wale kumi hawakusikia unaitwa?"

"Sita walisikia. Nilipoacha kazi nilimzungukia kila mmoja nikamwuliza. Padri alisema aliona si adabu kumkatiza rubani akiwa kazini. Mwalimu mkuu alidhani nimewakasirikia wale wa Kisumu sitaki kuwajibu. Bwana wa Bukura alisema, mkubwa huitika akitaka. Bahati tu, siku hizo njia ilikuwa wazi."

Niliruka kwenye kiti. "Watu gani hawa! Sita! Mtu anamheshimu mwenzake mpaka wafe wote?"

Rubani hakucheka. Alinigeuzia sikio la kulia, akaliegemeza kwenye kiganja ili asipoteze neno.

"Na wewe? Walituita mara ngapi kabla hujanigusa?"

Kwa mara ya kwanza nilitamani ningekuwa mtu asiyejua kuhesabu.

"Tatu," nikasema.

"Mbili za kwanza, ulikuwa unangoja nini?"

Mkewe alikuwa amesimama na birika. Nilitazama mahindi.

"Ulikuwa unazungumza," nikamwambia. "Nilingoja umalize."